Aliyekufa Alihesabiwa, Aliyerudi Hai Akaambiwa Asubiri

Kwenye ncha ya kusini ya mji wa Halifax, nchini Kanada, kuna msitu mdogo unaoitwa Point Pleasant Park. Ukiupita msitu huo unatokea kwenye msalaba mkubwa wa mawe unaotazama mlango wa bandari. Chini yake kuna mabamba ya shaba yenye majina zaidi ya 3,000 ya Wakanada waliofia baharini katika vita kuu mbili za dunia wakakosa kaburi.

Nilimpeleka Baba Mdogo pale alipokuja kututembelea mwishoni mwa kiangazi. Mzee huyu amefanya kazi bandarini Tanga tangu ujana mpaka alipostaafu, na maduka hayamvutii. Alitaka kuona meli.

Alisimama mbele ya mabamba muda mrefu, mikono nyuma.

"Hawa wote ni askari?"

Nikamwambia wengine ni wa jeshi la majini, wengine ni mabaharia wa meli za mizigo, watu wa kuajiriwa tu.

"Na wamewaandika mahali pamoja?"

"Pamoja, Baba."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akageuka, akaniuliza: "Na wale wa meli za mizigo waliorudi hai, nao waliandikwa pamoja na askari?"

Sikuwa na jibu. Baba Mdogo amekwisharudi Tanga, na mimi jibu nimelipata. Limeninyima usingizi wiki nyingi, ndiyo maana naandika.

Watu wasio na sare

Tarehe 16 Septemba 1939, vita haijatimiza hata mwezi, msafara wa kwanza wa meli 18 uliondoka Halifax kuelekea Uingereza. Ulipewa jina HX-1. Kutoka siku hiyo hadi Mei 1945 misafara haikukatika, kwa sababu Uingereza ni kisiwa, na kisiwa kisicholetewa chakula na mafuta hakina haja ya kupigwa risasi.

Kanada ilianza vita ikiwa na meli 38 tu za kwenda bahari kuu. Ikafungua viwanda vya kuunda meli pwani zote mbili na kando ya mto St. Lawrence, na kabla vita haijaisha ilikuwa imeunda zaidi ya meli 350 za tani elfu kumi kumi. Nyingi zilipewa majina ya bustani na hifadhi za nchi hiyo: Jasper Park, Point Pleasant Park, na nyingine nyingi za namna hiyo.

Meli zilihitaji watu. Vijana wenye afya na umri halali walikuwa wanachukuliwa na jeshi, kwa hiyo meli za mizigo zilichukua waliobaki: wavulana wa miaka 15 na 16 waliodanganya umri, wazee ambao jeshi halikuwataka, watu wenye jicho moja. Wakawekwa kwenye meli za petroli na za risasi. Wakawekwa pia kwenye meli zilizopakia madini ya chuma, ambayo pengine mabaharia waliyaogopa kuliko yote, maana meli yenye chuma ikipigwa torpido huenda chini kabla aliyelala hajafika kwenye ngazi.

Msafara ulikwenda kwa mwendo wa meli ya polepole kuliko zote. Na amri ilikuwa moja: mwenzako akipigwa, usisimame. Ukisimama, nyambizi inapata shabaha ya pili. Kwa hiyo mtu angeweza kusimama kwenye sitaha yake, akawaona watu anaowafahamu wamo majini, katika maji ya Atlantiki ya Kaskazini ambayo humuua mtu kwa baridi kwa muda mfupi mno, na meli yake ikawapita.

Nimelirudia jambo hili mara nyingi akilini.

Kati ya Wakanada na watu wa Newfoundland wapatao 12,000 waliofanya kazi kwenye meli hizo, zaidi ya 1,600 walikufa, wakiwemo wanawake wanane. Kwa hesabu ya haraka ni mmoja katika kila saba au wanane. Hakuna tawi la jeshi la Kanada lililopoteza watu kwa kiwango hicho. Admirali Leonard Murray, aliyeongoza vita upande wa kaskazini-magharibi mwa Atlantiki, alisema waziwazi baadaye kwamba ushindi wa vita ya bahari ile haukuletwa na jeshi lolote la maji wala la anga. Uliletwa na ujasiri wa mabaharia wa meli za mizigo.

Na vita yao haikuishia Atlantiki ya Kaskazini. Jasper Park ilizamishwa Julai 1943 kusini mwa Madagaska, katika bahari yetu hii hii, ikitokea India na shehena ya chai na juti. Point Pleasant Park, yenye jina la bustani tuliyosimama mimi na Baba Mdogo, ilizamishwa Februari 1945 ikielekea Cape Town, na walionusurika wakasafiri kwa mashua za kuokolea mpaka pwani ya Namibia. Vita ya Ulaya ilikuwa imebakiza chini ya miezi mitatu.

Amani ilipofika

Kanada ilijiandaa vizuri kuwapokea wapiganaji wake, na hilo nalisema bila kinyongo. Aliyevaa sare alirudi akakuta mpango kamili. Alisomeshwa chuo kikuu kwa gharama ya serikali, alisaidiwa kupata shamba au nyumba, alitibiwa hospitali, alipewa nafasi ya mbele kwenye ajira za serikali na kulipwa kiinua mgongo kwa kila mwezi aliotumikia. Kizazi kizima cha wahandisi, walimu na wanasheria wa Kanada kilitokana na mpango huo.

Baharia wa meli za mizigo alikuta vipande vidogo vidogo tu. Kisheria alikuwa raia.

Hapa nilijilazimisha kusimama. Sikutaka kuandika makala ya kuonea huruma upande mmoja, kwa hiyo niliipa nafasi hoja ya wale waliokataa, na hoja yenyewe si ya kijinga. Walisema: baharia alilipwa mshahara mkubwa kuliko askari, pamoja na posho ya hatari ya vita. Hakuwa chini ya nidhamu ya kijeshi. Safari ikiisha angeweza kushuka asirudi tena. Askari hakuwa na hiari hiyo. Baadhi ya askari wa zamani wenyewe waliishikilia hoja hii miaka mingi, na ninaelewa kwa nini.

Lakini kila nilipoisukuma mbele hoja ile, ilikwama. Mshahara wa baharia ulikatwa kodi. Askari alilishwa, alivishwa, alitibiwa, na mke wake akapewa posho. Ukizijumlisha zote, pengo linakuwa dogo sana. Na ile hiari ya kushuka, mbona watu waliopigwa torpido walirudi kujiandikisha tena? Wapo waliozamishiwa meli mbili, tatu.

Kilichoimaliza hoja kwangu ni karani. Namzungumzia kijana aliyevaa sare akakaa ofisini Ottawa vita nzima akipanga mafaili. Alifanya kazi yake na simdharau. Amani ilipofika, huyo alistahili chuo kikuu. Mvulana aliyekuwa chumba cha injini cha meli ya mafuta katikati ya Atlantiki hakustahili. Kama kipimo kingekuwa hatari, asingetangulia karani. Kama kingekuwa manufaa kwa taifa, pia asingetangulia.

Serikali ilikuwa na sababu yake, na ndiyo inayoniuma kuliko zote. Ilitaka mabaharia wabaki baharini. Taifa lilikuwa na meli mpya nyingi, na iliaminika kwamba ukimpa baharia nafasi ya kusoma ataiacha bahari. Basi asipewe, abaki kwenye kazi yake.

Halafu serikali ikaziuza meli.

Ndani ya miaka michache tu baada ya vita, meli zile za Park ziliuzwa kwa makampuni, na makampuni yakazihamishia bendera za nchi nyingine au kuziuza nje. Baharia aliyenyimwa shule ili abaki melini akabaki bila shule na bila meli.

Chama

Walikuwa na kitu kimoja cha kushika. Chama chao cha wafanyakazi, Canadian Seamen's Union, kilikuwepo tangu 1936. Mwaka 1946 kiligomea meli za Maziwa Makuu ya Amerika, ambako watu walikuwa wanafanya kazi saa kumi na mbili kwa siku, kikashinda: saa nane. Atakayeona ni jambo dogo basi hajawahi kuchochea makaa.

Viongozi wake wengi walikuwa wakomunisti. Hilo ni kweli na hakuna haja ya kulificha. Rais wake wa miaka mingi, Pat Sullivan, alijitoa 1947 na kukishutumu chama chake mwenyewe hadharani kwa sababu hiyo. Vita Baridi ilikuwa imeanza, na tangu hapo kila dai la chama lilisomwa kama njama ya Moscow. Lakini mpishi wa meli aliyetaka saa nane za kazi hakuhitaji kumsoma Marx ili ajue amechoka.

Mwaka 1949 ukaja mgomo wa bahari kuu. Mabaharia wa Kanada waliacha kazi popote meli ilipowakuta: Uingereza, Afrika Kusini, Australia, New Zealand, Guyana, Cuba. Katika bandari ya Halifax, bandari hii ninayoiona kila siku nikienda kazini, watu waliletwa na silaha kuzichukua meli, na waliogoma wakapigwa risasi za bunduki za marisau. Wengine wao walikuwa wameponea torpido za Wajerumani, sasa wanajeruhiwa gatini kwao.

Makuli wa Uingereza wakakataa kuzipakua meli zilizoendeshwa na wavunja mgomo. Ilianzia Avonmouth, karibu na Bristol, ikafika London. Maelfu walisimama. Serikali ya Waziri Mkuu Clement Attlee, serikali ya chama cha siasa cha Labour, chama cha wafanyakazi hicho, ikatangaza hali ya hatari Julai 1949 na kuwaingiza wanajeshi bandarini. Nilipofika hapa nilifikiria sana kuhusu wale makuli. Ugomvi haukuwa wao. Mshahara uliobishaniwa haukuwa wao. Walikumbuka tu nani aliwaletea ngano miaka ile ya njaa.

Mgomo ulishindwa.

Makampuni, yakisaidiwa na serikali, yalikuwa yamekwisha kuleta chama kingine kutoka Marekani, Seafarers' International Union, kikiongozwa na Hal Banks. Banks aliweka orodha ya watu wasioruhusiwa kupanda meli. Jina lako likiingia humo, kazi ya baharini imekwisha. Ilichukua zaidi ya miaka kumi mpaka jaji Thomas Norris alipochunguza mambo hayo na kutoa ripoti 1963 iliyomwanika Banks kuwa mtu wa mabavu na asiyejali sheria. Mwaka uliofuata Banks alikimbilia Marekani. Waliofukuzwa hawakurudishiwa miaka yao.

Basi fikiria mtu mmoja katika hao. Sina jina la kumpa, kwa sababu wapo wengi waliopita njia hiyo. Ana miaka ishirini na kitu. Anajua kusoma nyota, kushika usukani, kuziba tundu la meli inayoingiza maji. Hana cheti cha shule kinachomfaa nchi kavu. Meli zimeuzwa, chama kimevunjwa, jina liko kwenye orodha. Anaenda kwenye mgodi, au kiwandani, au kukata miti. Tarehe 11 Novemba kila mwaka, siku ya kuwakumbuka waliofia vitani, maveterani wanapoandamana na medali zao, yeye anasimama pembeni na watazamaji.

Miaka arobaini.

Uzeeni wakakutana tena

Sehemu hii ndiyo iliyobadilisha mawazo yangu juu ya habari nzima. Mpaka hapa nilikuwa nasoma hadithi ya watu walioonewa. Kumbe nilikuwa nasoma hadithi ya watu walioshindwa raundi ya kwanza tu.

Walipostaafu, mabaharia hawa walianza kutafutana. Vyama vidogo vidogo vikaanzishwa mji kwa mji. Waliokuwa na msukumo mkubwa walikuwa mateka wa zamani wa kambi ya Milag Nord karibu na Bremen, ambako Wajerumani waliwafungia mabaharia wa meli za mizigo. Wengine walikaa utekani miaka minne. Ujerumani iliwahesabu kuwa watu wa kufungwa kwa sababu ya vita. Nchi yao ilisita kuwahesabu kuwa watu wa vita. Gordon Olmstead, mmoja wa mateka hao, aliongoza chama chao na baadaye muungano wa vyama vya mabaharia uliodai usawa. Hakuwa mpiga kelele. Alikusanya nyaraka, akaandika barua, akafika mbele ya kamati za Bunge tena na tena na hesabu zake mkononi.

Naamini, ingawa siwezi kuonyesha hati ya kuthibitisha, kwamba ujuzi wa miaka ya arobaini ndio uliofanya kazi hapa. Mtu aliyewahi kuendesha mkutano wa chama kwenye ghala la bandari, chini ya vitisho, haogopi chumba cha kamati chenye zulia. Anajua kwamba anayeambiwa "tutalifikiria" inampasa kuuliza "lini?" Anajua umuhimu wa kuandika kumbukumbu za kikao. Chama kilikufa lakini waliofundishwa nacho walikuwa hai.

Mwaka 1992 walipata sheria yao ya kwanza ya maana, na mafao mengi ya askari wa zamani yakafunguliwa kwao. Wengi tungeridhika. Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilijiuliza kwa nini hawakushukuru na kwenda nyumbani kupumzika, maana wengi walikuwa wanakaribia sabini au wameshaipita.

Ilinichukua muda kuelewa. Sheria ile iliwapa mafao lakini ikawaacha kwenye fungu la raia. Wao walikuwa na madai manne. Waingizwe kwenye sheria zilezile za askari, bila mlango wa pembeni. Mateka watambuliwe kama mateka wengine. Walipwe fidia kwa miaka ya kunyimwa. Na siku ya kumbukumbu waandamane na wenzao kama maveterani.

Kila mwaka serikali iliwajibu kwamba tayari wanapata karibu sawa na wengine. Na kila mwaka walipungua. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Ofisi inaweza kusubiri kwa sababu ofisi haizeeki, na kila faili inayocheleweshwa hupunguza bei ya kulifunga. Sidai kwamba kuna mtu alikaa akapanga hivyo. Nadai kwamba hakuhitajika mtu wa kupanga.

Vuli ya 1998 wazee wachache, waliokuwa na miaka sabini na zaidi, walikwenda kukaa kwenye ngazi za Bunge mjini Ottawa, wakagoma kula.

Niliipinga akilini mwangu hatua hiyo. Mzee wa umri ule, mwenye dawa za kila siku, kukaa njaa nje kwenye baridi inayoanza! Nilimfikiria Baba Mdogo, nikajua ningemzuia kwa nguvu zote. Lakini mwili ndicho kitu pekee walichobakiwa nacho ambacho serikali isingeweza kukiweka kwenye faili. Barua walikwisha kuandika, kamati walikwisha kuhudhuria, mawaziri waliwaona wakija na kuondoka. Mgomo wa kula haukudumu siku nyingi. Picha za wazee wale zilizunguka nchi nzima, ahadi zikatolewa, nao wakakubali kula.

Mwaka 1999 Bunge lilipitisha sheria iliyowaingiza kwenye sheria za maveterani wote. Februari 2000 waziri George Baker akatangaza fidia. Aliyetumikia baharini zaidi ya miezi 24 alipewa dola za Kanada 20,000. Wa miezi sita hadi 24, dola 12,000. Wa chini ya miezi sita lakini aliyefikisha angalau mwezi mmoja, dola 5,000. Mateka aliongezewa asilimia 20. Wajane walihesabiwa pia. Serikali ilitenga dola milioni 50. Maombi yakazidi fungu hilo, ikabidi iongeze. Na tangu 2003 tarehe 3 Septemba ni siku yao rasmi.

Je, ni haki? Nimejaribu kukokotoa na nimeshindwa kupata jibu linalonituliza. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1943 alikuwa na miaka 77 fidia ilipotangazwa. Dola 20,000 hazinunui chuo kikuu ukiwa na miaka 77. Haziwezi kununua shamba la kulima. Zinatengeneza paa, zinalipia meno, zinaachiwa wajukuu. Kwa mjane ambaye mumewe alikufa miaka ya sabini akiamini nchi yake imemsahau, sijui zinafanya nini. Hata hivyo, baadhi yao waliopokea walisema fedha si kitu kikubwa ukilinganisha na kuitwa maveterani, na sioni kwa nini niwabishie.

Wazee wa Jumuiya

Nilimpigia simu Baba Mdogo kumsimulia. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, nikamweleza yote, kuanzia mabamba yale mpaka fidia. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mwanangu," akasema, "hao ni wazee wa Jumuiya."

Msomaji wa Tanzania hahitaji maelezo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na watu wa reli, bandari, posta na ndege wakaachwa na madai ya mafao yao. Tumekua tukiwaona Dar es Salaam na makaratasi yao kwenye mifuko ya plastiki, wakilala nje ya mahakama, wakifunga barabara kwa miili yao mbele ya askari wenye umri wa wajukuu wao. Malipo yalianza 2005, na hata baada ya hapo wengi walisema hayakutimia. Wengine walishakufa.

"Tofauti ni kwamba hao wa kwako walilipwa wengi wakiwa hai," Baba Mdogo akaongeza. "Au walibaki wangapi?"

Nikamwambia wachache.

"Basi hakuna tofauti."

Sikubaliani naye moja kwa moja, na nilimwambia hivyo kwa heshima. Wale wa Kanada walibadilisha sheria. Atakayewafuata, kama ipo vita nyingine, hataanzia sifuri. Lakini nimeona pia kwamba yeye anazungumza kutoka mahali ambako ameona marafiki zake wakifa na madai mfukoni, na mimi nazungumza kutoka kwenye vitabu.

Waliokosa ngazi za kukalia

Kuna jambo moja ambalo halimo kwenye mabamba ya Halifax na haliniachi.

Misafara ile haikuwa na Wakanada na Waingereza peke yao. Meli za Uingereza zilijaa watu wa Bengali, Goa, Gujarati, Yemeni, Somalia na China. Mabaharia wa Kihindi walikuwa makumi ya elfu, wengi wakiwa chumba cha injini, mahali pa mwisho kutoka meli ikizama. Walilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mzungu waliyekuwa naye kwenye meli moja. Zaidi ya 6,000 walikufa. Vita ilipoanza tu 1939 waligoma bandari kadhaa wakidai nyongeza, na wengi wakafungwa jela kwa kuvunja mkataba. Nao pia walikuwa watu wa vita na watu wa chama.

Februari 1944 msafara uliondoka Kilindini, Mombasa, kuelekea Ceylon, Sri Lanka ya leo. Ndani yake kulikuwa na meli Khedive Ismail, imebeba askari wa Afrika Mashariki, wauguzi, na mabaharia wake. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga. Ilizama chini ya dakika tatu. Walikufa watu 1,297. Askari wa mizinga kutoka kwetu wamo kwenye kumbukumbu za jeshi. Wachochea makaa na wapishi wa meli ile, waliotoka pwani za bahari hii, ni nani aliyewatafutia wajane wao?

Mzee wa Kanada alikuwa na Bunge lake, kwa lugha yake, ndani ya nchi aliyoipigania. Angeweza kupanda treni mpaka Ottawa na kukaa kwenye ngazi. Baharia wa Chittagong au wa Berbera aliyeitumikia bendera ya Uingereza angekaa kwenye ngazi zipi? Alipozeeka, dola iliyomwajiri ilikuwa imeondoka, na nchi mpya aliyoishi haikuwa na deni naye.

Nataka kuendelea na upande huu, na siwezi kuufanya kwa vitabu vya Halifax. Mabaharia wa vita ile walipewa kitabu kidogo kilichoandikwa jina la kila meli, tarehe ya kupanda na ya kushuka, pamoja na mhuri. Kama kwenu Mombasa, Lamu, Unguja, Tanga, Kismayu au Muscat kuna kitabu cha namna hiyo kwenye sanduku la babu, kifungueni kabla mchwa hawajakifikia, mpige picha kila ukurasa, na mumuulize bibi aliye hai kama aliwahi kupokea chochote na kutoka kwa nani. Niandikieni mlichokipata. Baba Mdogo ameshaanza kuuliza misikitini na vijiweni huko Tanga, na ana orodha ya nyumba za kuzipitia.